Saa Sita Ni Wapi

Injinia Kamugisha wa mitambo ya gesi Madimba
alinikuta kipwani Msimbati, bahari imerudi mbali,
mchokoo mkononi, pweza wawili kapuni,
akaniuliza kama nimewahi kumwona samaki
asiyeonekana.

Nikamwambia: yule wa miiba?
Marehemu mama alimwita Kioo.
Ukimtazama yeye, unaona mchanga.
Hatumli sana. Ukimla, mazungumzo weka kesho.

Basi akaniajiri macho.
Elfu ishirini kwa kila kupwa,
akionekana samaki; asipoonekana, nusu.

Ana ufito mwembamba, unapinda kama shingo ya korongo,
mshipi wa rangi ya embe bivu,
na mwisho wa mshipi, nzi:
nywele za mbuzi, macho ya shanga,
unyoya wa jogoo.
Jogoo alikuwa wangu. Nilimtambua.
Watoto walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa
wakihesabu anavyouchapa upepo.
"Umekukosea nini, mjomba?"

Siku ya kwanza akasema: tusielekezane kwa kidole,
samaki anaona kivuli cha mkono.
Tuelekezane kwa saa.
Nikasema sawa. Saa naijua,
nimeivaa tangu harusi.

Akatokea Kioo mbele yetu, mkia juu,
kichwa topeni, anafukua kaa.
Mbele kabisa, pale mishale inapokutana adhuhuri.
Nikanong'ona: saa sita!
Akageuka nyuma.
Akairushia nzi wake bahari tupu,
na ndoana ikanasa ushungi wangu.

Tulibishana palepale, maji magotini,
mtu wa Bukoba na mtu wa Msimbati,
sote tukisema Kiswahili,
yeye anasoma namba, mimi nasoma jua.
Uvuvi huu alijifunza kwa Wanorwei
alikosomea gesi,
na mbele yao, kasema, ni kumi na mbili.
Kumi na mbili! Saa ya kuwasha taa.

Tukaiacha saa. Nikampa kibla.
Kibla, hatua ishirini.
Mikokoni, hatua tisa, wanakuja watatu.
Kwa Binti Chitanda, paa la bati, polepole.
Yeye Mlutheri; zilimchukua bamvua mbili
kujua Msimbati inaswalia wapi.

Na siku alipompata,
sitasema uongo, moyo wangu ulitoka na mshipi.
Gurudumu lililia kama cherehani ya mkesha wa Idi,
uzi wote ukaisha, ukafuata uzi wa chini ya uzi,
Kioo anakata maji kuelekea Msumbiji
bila hati wala salamu.
Alipochoka tukamshika. Uzito wa mtoto wa siku saba,
tumbo jeupe, jicho limeshangaa.
Injinia akamlaza majini kama anayemrudisha kitandani,
akafungua viganja.

Nikapiga kelele: mboga hiyo!
Akasema: ataongezeka.
Nikasema: na mimi?
Akacheka. Mimi sikucheka.
Usiku nilipika pweza, nikamfikiria yule mwingine,
yuko wapi sasa na mdomo wake uliotoboka,
na kwa nini nafurahi.

Leo bamvua tena. Jua la utosini, maji ya kifundo cha mguu.
Kibla, hatua kumi na mbili, mkia umesimama,
unameta kama sindano iliyosahauliwa kwenye kitambaa.
Injinia anaangalia mikokoni.
Kioo amepata kaa. Anamgeuza, anamsaga,
hana haraka, kama mtu anayefuturu peke yake.

"Somoe, unaona chochote?"

Elfu kumi ya nusu, elfu ishirini ya nzima.
Nakaza pindo la kanga.

Bado, nasema.
Mchanga tu.